Jani la Chui na Nyumba Mbili

Sumaili bin Amisi alikuwa mtu wa haki, na haki yake iliwachosha watu. Alikuwa na wake wawili, Mwamvita wa Kasongo na Faida wa Kabambare, na kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na safari ndefu ya miguu, mito ya kuvuka na tope la kuvulia viatu. Akinunua kitambaa, alikikunja katikati na kukikata. Shanga alizigawa moja kwako, moja kwa mwenzio, na ile iliyobaki peke yake aliitupa. Safari moja alichinja mbuzi Kasongo, akaukausha mguu mmoja kwa moshi na kuubeba hadi Kabambare. Ulifika unanuka, lakini ulifika. Dini imemwamuru mume wa wake wawili asiegemee upande mmoja, na Sumaili aliogopa kuegemea kuliko alivyoogopa simba.

Kwa hiyo aliporudi kutoka msitu wa Warega, alikokwenda na watu wake kutafuta pembe za ndovu, akamletea Mwamvita mmea, Mwamvita alijua kabla hajaambiwa kwamba nusu yake si yake.

Mmea wenyewe ulikuwa wa kutambaa. Shina lilikuwa na unene wa kidole, pingili kwa pingili, na kila pingili ilitoa jani moja. Umbo la jani lilikuwa la gimbi, lakini hakuna aliyewahi kuona gimbi la namna ile. Kijani chake kilikaribia weusi, na juu yake palikuwa na madoa ya rangi ya fedha, yameinuka kidogo hata ukipitisha kidole unayasikia. Sumaili aliukuta chini ya miti mikubwa, umelala juu ya majani yaliyooza, mahali ambapo jua halishuki. Akaung'oa na mizizi yake, akaufunga ndani ya maganda mabichi ya mgomba, akamtwisha mpagazi mmoja mzigo huo tu, asibebe kingine.

Kasongo ya miaka ile ilikuwa na mashamba mazuri. Watu walilima mpunga, vitunguu, mapapai, mapera na vingi vingine vilivyopandishwa kutoka pwani, na vyote viliishia tumboni. Mmea wa kutazamwa tu ulikuwa jambo geni. Majirani walikuja kuuona, wakaushika, wakaupa jina la jani la chui.

"Hii inaliwa?" aliuliza Nuru, mdogo wake Mwamvita, aliyekaa ua wa pili.

"Hapana," akasema Sumaili. "Iko ya kuangalia."

"Basi iko kazi bila chakula," akasema Nuru.

Mgao ulifanyika barazani, mbele ya wazee na Mwalimu Kassimu, aliyefundisha watoto Kurani. Sumaili alihesabu majani kutoka huku na kutoka kule, akaweka wembe katikati ya shina, akakata. Ikawa nusu moja ina mizizi na majani ya zamani yaliyoliwa na konokono, na nusu ya pili ina kichwa chenye kuchipua na majani mapya yanayong'aa. Hapo akagundua kwamba majani yalilingana lakini nusu hazikulingana. Mwalimu Kassimu akaficha punje ya mpunga katika mkono mmoja na punje ya mahindi katika mwingine, wakapiga kura. Mwamvita akapata upande wa mizizi. Kichwa kikaenda kwa Faida.

Mwamvita alisema moyoni kwamba hata kura ina mpendwa wake.

Hayo yangeweza kuishia hapo, kama si mguu. Mguu wa kulia wa Sumaili ulikuwa umevimba tangu mvua za nyuma. Kidonda kilichouanzisha kilipona, uvimbe ukakataa. Alikuwa ameshajua kwamba mwisho wa kuzunguka umefika, kwamba itambidi atulie katika nyumba moja na mke wa pili amfuate huko. Ila nyumba gani? Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na wake. Kuchagua Kasongo kulikuwa ni kuegemea, na kuchagua Kabambare kulikuwa ni kuegemea. Basi siku ile, wembe ukiwa bado mkononi, akatoa neno mbele ya watu.

"Ninaenda Kabambare kumupelekea Faida fungu yake," alisema. "Nikirudi, nitaangalia. Kwa muke ambaye hii muti itaota muzuri, kule ndiko nitakaa. Na mwengine atakuja kule."

"Bwana Sumaili," akasema Mwalimu Kassimu, "ukishindwa kuchagua, piga kura. Kura iko haki."

"Kura iko bahati tu. Kutunza kitu iko moyo wa mutu."

Wazee wakatikisa vichwa kana kwamba wamesikia hekima. Hakuna aliyemwuliza Mwamvita, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisikia kila kitu.

Mwamvita hakuwa na kitu alichokipenda duniani kuliko nyumba ile. Mama yake ndiye aliyeisimamia ilipojengwa, udongo kwa udongo, na mama yake alizikwa nyuma, chini ya mipera. Shamba la mpunga bondeni lilikuwa lake. Kati ya ua wake na ua wa Nuru palikuwa na uwazi katika wigo, na dada hao walipita hapo tangu utotoni, hata nyasi zilikataa kuota. Kuhamia Kabambare kulikuwa ni kwenda kukaa jikoni kwa mke mdogo na kuomba mwiko. Naye Mwamvita alimpenda mumewe, hilo lisifichwe. Alimpenda kwa miaka mingi ya kumwona akija na kuondoka, na sasa alipokuwa hatimaye anakuja kukaa, alimtaka akae hapa. Aliogopa, akaanza kazi siku ileile.

Kwanza alikosea kama wote wanavyokosea, kwa kupenda mno. Alikipaka jivu kidonda cha wembe, akapanda kisiki katika chungu kizima, akakinywesha maji asubuhi na jioni. Majani yakageuka manjano. Mwamvita akaunusa ule udongo, ikamjia harufu ya uchachu, akajua mizizi inazama. Akakitoa chote, akaiosha mizizi, akakata iliyokuwa myeusi na laini. Safari hii alichukua chungu kilichotoboka, kisichofaa tena kwa supu, akaenda mwenyewe ukingoni mwa mto kwenye kichaka cheusi, akazoa majani yaliyooza, akachanganya na mchanga na mkaa uliovunjwavunjwa. Tangu hapo hakutia maji kabla ya kuingiza kidole na kusikia ukavu.

Mahali pa kukiweka chungu alipapata baada ya kuhangaika. Uani jua liliyachoma majani yakapata mabaka ya kahawia. Ndani moshi wa jiko uliyafunika masizi. Mwishowe alikiweka kibarazani nyuma, kando ya mitungi ya maji, maana mitungi hutoa jasho na hewa ya pale ina ubaridi. Kila Ijumaa aliyafuta majani kwa kitambaa laini, juu na chini, na konokono aliwatoa kwa vijiti. Watumwa wa nyumba aliwakataza wasikiguse chungu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na Mwamvita, ambaye Mungu hakumpa kuzaa, alilea.

Siku kichipukizi kilipotoka kwenye pingili ya juu, kimejiviringa kama mkeka mdogo, alimwita Nuru kupitia uwazi wa wigo. Walichuchumaa wote wawili. Jani lilipofunguka, madoa yalikuwepo, meupe na safi.

"Mume wako atakaa," akasema Nuru.

"Atakaa," akasema Mwamvita, na furaha ikamjaa hata akaona haya.

Mvua zikaja, na mmea ukaanza kufanya jambo ambalo halikuwa la majani. Kwenye kila pingili ulitoa mizizi mirefu hewani, myeupe, inayopapasa huku na huku. Ilishika mtungi. Ilishika ukuta. Mtu yeyote wa nchi ile ya Maniema aliyewahi kulima viazi vikuu anajua maana ya hayo: kitambaacho hupewa mti. Usipokipa kitajisokota chini na kuoza, na majirani watasema shamba hilo halina mwenyewe.

"Hii inalia nguzo," akasema Nuru. "Unaiacha inatambaa chini, itakuchukia."

Mwamvita akasogeza chungu hadi kwenye nguzo ya kibaraza, gogo la msituni ambalo halikuchunwa gome lake, akaulaza mmea juu yake na kuufunga kwa kamba za mgomba, bila kukaza. Kila alipopita aliimwagia nguzo maji kwa kata. Mizizi ikaingia katika nyufa za gome, ikashika. Baada ya hapo hapakuwa na kubembelezana tena. Mmea ulipanda kama mtu aliyekumbuka njia ya kwao. Jani la kwanza juu ya nguzo lilikuwa kubwa kama kiganja cha mwanamume, la pili kubwa kama sahani, na yaliyofuata mtu angeweza kujikinga nayo mvua.

Na kila jani lilikuja na madoa machache kuliko lililotangulia.

Mwamvita aliona. Hakuwa kipofu. Aliona jani lenye madoa kwenye mshipa wa kati tu, kisha jani lenye doa moja, kisha jani la kijani kitupu, pana, limegawanyika pembeni. Alijiambia kwamba mtoto akikua huacha nguo za utoto. Neno la Sumaili lilikuwa "kuota muzuri", na ni nani angesimama mbele ya nguzo ile akasema haukuota vizuri? Watu walikuja kukaa kivulini mwake. Wapita njia waliulizia nyumba ya mti ule. Mwamvita alijivuna, na kujivuna kwake kulimziba masikio.

"Lakini mume wako alipenda madoa," akasema Nuru siku moja, akiwa ameinua shingo.

"Alipenda mmea."

"Ukate urudi chini. Labda utatoa yale madogo."

Mwamvita alichukua kisu. Alisimama nacho mbele ya nguzo muda mrefu. Sumaili alikuwa anatarajiwa wakati wowote, na akiukata leo, mume angekuta kisiki kitupu chunguni. Isitoshe, mkono ulikataa. Kitu umekilea kutoka kwenye kuoza hadi kufika paa, utakikataje kwa sababu kimekua? Akakirudisha kisu jikoni.

Sumaili alifika mwanzoni mwa kiangazi, amebebwa kwa machela, mguu umefungwa matambara. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi gotini. Mbele yake alitembea mpagazi na kibuyu kilichokatwa mdomo, na ndani ya kibuyu kulikuwa na fungu la Faida. Wazee wakakusanyika kama nzi. Kibuyu kikawekwa katikati ya baraza.

Ulikuwa mmea wa kusikitisha. Majani yalikuwa machache, hakuna lililozidi kiganja cha mtoto. Moja lilikuwa limekauka ukingoni, na shina lilikuwa na alama za kukatikakatika. Lakini madoa yote yalikuwepo, kama siku ulipotoka msituni.

Sumaili akasaidiwa hadi kibaraza cha nyuma. Akaitazama nguzo kutoka chini hadi juu.

"Jani la chui iko wapi?"

"Iko mbele yako," akasema Mwamvita.

"Hii?"

"Hii." Akapiga magoti, akafukua udongo kidogo chunguni, akamwonyesha kovu la wembe kwenye kisiki. "Angalia. Iko mukono wako ulikata hapa."

Sumaili alilitazama kovu kwa uangalifu wake wote. Hakuwa mtu wa kudhulumu. "Ninaamini," akasema. "Sisemi uliibadilisha. Ninasema niliacha chui, ninakuta mbuzi."

Wazee wakacheka. Mwamvita alibaki magotini, udongo vidoleni.

"Ulisema kuota muzuri," akasema. "Ile ya kibuyu iko na njaa. Hii iliota hata ukakosa kuiona mwisho."

"Muzuri maana yake vile niliiacha, Mwamvita. Faida aliiweka vile niliiacha."

Mwalimu Kassimu alijaribu kusema kwamba kukua si kosa, lakini wenzake walimkatiza. Neno lilitolewa mbele ya watu, na ahadi ni deni. Hivyo ndivyo walivyosema wazee wa baraza, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyetakiwa kuhama nyumba.

Mwamvita alilia jikoni, mchana kweupe, na Nuru akalia naye. Kisha wakafunga vitu. Nyumba aliachiwa Nuru, na shamba la mpunga pia. Mmea ulibaki kwenye nguzo yake, maana haukuweza kubanduliwa. Kibuyu cha Faida kilirudi kilikotoka, kikiwa kimebebwa mbele ya machela kama bendera, na Mwamvita akatembea nyuma yake siku baada ya siku akikitazama. Alikichukia. Alimchukia na mwenye nacho, ambaye hakuwa amemwona hata mara moja.

Alijiandaa kwa masimango. Njia nzima alitunga majibu, mengine makali sana. Lakini walipofika Kabambare, Faida alimwekea maji ya kuogea, akampa chumba kikubwa, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, na hakuketi kabla Mwamvita hajaketi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye chale nyembamba shavuni na sauti ya chini. Majibu yote ya Mwamvita yakakosa wa kujibiwa. Wakaishi hivyo kwa muda, wakigawana jiko kwa adabu kubwa iliyokuwa nzito kuliko ugomvi.

Sumaili hakutoka tena nyumbani. Safari ile ya machela ilikuwa imeumaliza mguu. Alilala zamu kwa zamu, leo chumba hiki, kesho kile, akibebwa na watu wawili kuvuka ua ili asidhulumu mtu.

Asubuhi moja wake wenza walikuwa wakipepeta mchele, kila mmoja na ungo wake. Mwamvita hakuweza kuvumilia tena.

"Mudogo wangu, niambie kitu moja. Ile muti uliitunza namna gani?"

Faida aliendelea kupepeta. "Sikuitunza."

"Usinichezee."

"Sikuchezei, yaya. Niliiweka nyuma ya choo cha kuogea, kule maji machafu inapita. Sikuiangalia. Ikitaka kupanda wigo, niliipiga na ufagio, ikianguka niliiacha pale chini." Aliweka ungo chini. "Nilitaka ikufe. Haikukufa."

Mwamvita alifikiri ameelewa, akasema polepole, "Hukumutaka akae kwako."

"Nilitaka akae kwako, na mimi nije kule. Alisema mwengine atamufuata. Nilitaka kufuata." Faida aliinua uso. "Mimi iko Muzimba. Kwetu iko mbele kidogo ya Kasongo, ukivuka mito mbili. Watu wa bunduki walituchukua nikiwa mutoto wa kuchunga kuku. Mama alikuwa shambani. Sijui kama iko muzima. Bwana Sumaili alininunua hapa Kabambare, akanipa uhuru, akanioa, hakunifanyia baya. Lakini hakunirudisha. Na hii jina ya Faida, alinipa yule aliniuza."

Mwamvita alikuwa mke mwenza wa mtu huyu kwa miaka, na hakuwahi kuuliza ametoka wapi. Watu wa mji hawakuwa na desturi ya kuuliza. Nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na watu ambao hakuwahi kuwauliza. Aliona aibu, na aibu ilikaa naye ungoni pale akichagua mawe kutoka mchele usio na mawe. Baadaye akaanza kucheka, kicheko kibaya, akamweleza Faida juu ya nguzo, maji ya kata, kitambaa cha Ijumaa na jani la kujikinga mvua. Faida naye akacheka. Kisha wote wawili wakafuta macho kwa ncha za nguo.

Walikwenda kwa Sumaili pamoja, jambo ambalo lilimtisha kuliko mguu wake. Wakamwambia ukweli wote, kwamba mmoja alitunza akakosa na mwingine hakutunza akapata, na kwamba wote wawili wanataka Kasongo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mungeniambia mbele," akasema. Alifunua matambara, akawaonyesha goti. Mtu yule hakuweza kubebwa tena hata hadi sokoni. Alikuwa wa Kabambare mpaka siku yake, na haki ilitaka wake zake wote wawili wawe mahali alipo, kila mmoja na zamu yake.

Hilo neno la zamu ndilo lililomkaa Mwamvita kichwani. Zamu ni haki ya mke, na mwenye haki anaweza kuisamehe. Alikuwa amemsikia Mwalimu Kassimu akilieleza mara nyingi: mke akimsamehe mumewe siku zake kwa radhi yake, mume hana dhambi, na mke anaweza kukaa anapotaka naye bado ni mke. Mwamvita alisimama katikati ya ua, jembe mkononi, akiiona nyumba yake. Aliuona uwazi katika wigo na mipera nyuma. Kesho tu angeweza kusema neno, na msafara wa kwanza kwenda Kasongo ungemchukua. Akaliweka jembe chini. Akaenda kumwambia Faida, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Faida alikuwa akichuma sombe. Alisikiliza, akaendelea kuchuma majani ya muhogo moja moja.

"Ile mimi pia nilifikiri," akasema. "Tangu juzi. Sikutaka kukutangulia, sababu wewe iko mukubwa." Akachuma jani jingine. "Sisi wote mbili tukisamehe, atalala kwa nani?"

Hakusema kwa uchungu wala kwa hila. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mwamvita alisimama pale akitafuta jibu ambalo lingewapeleka wote wawili Kasongo, na halikuwepo. Mume mgonjwa wa mguu hawezi kuachwa peke yake. Mlango ulikuwa mmoja na wa mtu mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika komeo, kwa kuwa alikuwa mkubwa na amezaliwa huru, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliwaza siku kadhaa. Usiku hakulala vizuri, mchana alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kuku. Nyumba aliitaka. Hakuacha kuitaka hata dakika moja. Lakini kila alipojiona anaingia mlangoni mwake, alimwona pia mwanamke mzee asiyemjua, upande wa pili wa mito miwili, ambaye siku moja alitoka shambani akakuta kuku hawana mchungaji. Alimkasirikia mwanamke huyo kwa kuja kusimama mlangoni pake bila kualikwa. Yule mama hakuondoka.

Siku ya tatu ya mwezi mpya aliketi kando ya kitanda cha Sumaili, akamkanda mguu, akamwambia, "Faida anasamehe zamu yake. Ataenda kukaa Kasongo, nyumba ya mama yangu. Mimi nitabaki."

Sumaili alishtuka. "Watu watasema nimeegemea kwako."

"Mwenye haki yake ameiacha. Muulize mwenyewe. Kuegemea kwako iko wapi?"

Alitafuta kosa katika hesabu hiyo, akakosa. Kwa mara ya kwanza haki yake ilikuwa imekwenda mahali ambapo yeye hakuituma. Faida akaitwa, akasema neno lake mbele ya mashahidi, mara moja, kwa sauti ya chini.

Alimasi, ndugu yake Sumaili, alikuwa akipeleka mzigo Kasongo. Mwamvita alimfuata mwenyewe, akamwapisha kwamba Faida atatembea mbele ya macho yake njia nzima, kwa sababu njia ile haikuwa ya mwanamke peke yake, hasa mwanamke aliyewahi kupitishwa humo akiwa amefungwa. Kisha akamwelekeza Faida: ulizia Nuru, pita uwazi wa wigo, chumba cha mbele kina baridi, lala cha nyuma. Shamba bondeni likifika kupandwa, usimsikilize Nuru, yeye huwahi mno.

Asubuhi ya kuondoka Faida alimshika mikono.

"Yaya, nikimukuta mama, nitamwambia nini juu yako?"

"Mwambie umefika," akasema Mwamvita.

Msafara ukatoka. Mwamvita aliusindikiza hadi mwisho wa migomba, akarudi. Ilimuuma, na hakuna haja ya kulipamba. Sumaili alikuwa ameamka, anaita, anataka uji. Aliingia jikoni, akawasha moto, akateka maji, akakoroga. Chumvi siku zote ilitolewa na Faida; hakujua inawekwa wapi, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza.